Mwanambuzi aliyegeuka mtoto wa mtu

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kupitia kijitabu cha ufugaji wa mbuzi wa maziwa kilichokuwa kimetafsiriwa kutoka Kiingereza. Kazi ilikuwa ya haraka, na mtafsiri alikuwa ameshalipwa akaenda zake. Nilisoma kurasa za mwanzo bila tatizo, mpaka nilipofika sura ya malisho nikakutana na sentensi hii: "Watoto watenganishwe na mama zao wakifikisha miezi mitatu, na wa kiume wasiohitajika wahasiwe mapema." Nilicheka hadi mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Mtafsiri hakuwa mjinga. Kiingereza kilisema *kids*, kichwa chake kikatoa "watoto", mambo yakaisha. Ila nilipochukua kalamu kusahihisha nikagundua kwamba neno lenyewe sikuhitaji kulifuta. Ukiongeza "wa mbuzi" mbele ya "watoto", sentensi inapona palepale na hakuna mzazi atakayekimbilia polisi. Kwetu mwana wa mtu ni mtoto na mwana wa mbuzi ni mtoto, na jina la mzazi ndilo linalowatenga. Waingereza wamepita njia nyingine. Wao walikuwa na jina la mwana wa mbuzi peke yake, kisha wakamvisha mtoto wa binadamu jina hilohilo.

Makala haya ni ya hizo njia mbili: ya kutoka zizini kwenda nyumbani, na ya kutoka nyumbani kwenda zizini. Karibu kila lugha ina zote mbili, ila kila moja ina ile iliyozoea kupita.

Tuanze na huyo *kid*, kwa kuwa ndiye aliyesafiri mbali kuliko wote. Neno liliingia Kiingereza yapata miaka 800 iliyopita kutoka lugha ya kale ya Skandinavia, na kwa karne nyingi halikuwa na maana nyingine zaidi ya mwana wa mbuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1500 likaanza kutumika kwa watoto wa watu, lakini kama lugha ya mitaani, ya watu ambao mwungwana hakutaka kuonekana nao. Limeacha alama moja mbaya ya enzi hizo. Katika karne ya 17 watoto waliibwa mijini Uingereza wakasafirishwa kwenda kutumikishwa kwenye mashamba ya Marekani. Aliyefanya kazi hiyo aliitwa *kidnapper*, yaani mnyakuzi wa *kids*, na kitenzi *kidnap* kikazaliwa hapo. Leo mtu mzima akitekwa, hata awe waziri mwenye mvi, Mwingereza hutumia neno ambalo ndani yake yumo mwanambuzi.

Kufikia karne ya 19 neno lilikuwa limeanza kuingia kwenye nyumba za heshima, na sasa limeenea kote. Hata hivyo mwalimu wangu mmoja wa Kiingereza hakuwa tayari kulikubali. Ukiandika *kids* kwenye insha alilizungushia wino mwekundu na kuuliza darasa zima, "Huyu mama yake ana pembe?"

Safari ya neno haiishii kwenye kupata maana mpya. Yako yaliyomkuta mwenye nyumba wa zamani. Chukua Luka 15:29, pale kaka mkubwa wa mwana mpotevu anapomlalamikia baba yake. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema hakupewa hata *kid* ili afurahi na rafiki zake. Msomaji wa leo akiikuta sentensi hiyo bila maandalizi anaweza kudhani jamaa analilia kunyimwa mtoto, tena wa kufanyia karamu. Kwa hiyo tafsiri za karibuni zimeandika "mbuzi mdogo" kwa maneno mawili. Mbuzi amefukuzwa kwenye jina lake na mpangaji. Biblia yetu haikupata shida hiyo. Inasema "mwana-mbuzi", na "mwana" alikuwamo humo tangu mwanzo.

Tusiwacheke sana lakini, kwa sababu na sisi tumemfukuza mbuzi, ila mkubwa. Beberu ni dume la mbuzi, lile lenye ndevu na harufu linalopanda majike zizini. Kisha siasa za kupinga ukoloni zikamkabidhi jina hilo mkoloni na kila anayenyonya nchi za wengine, na ubeberu ukawa mfumo mzima wa dunia. Leo ukisema "beberu amekuja kijijini", watu watatazama barabarani kuona gari la aina gani. Mfugaji anayetaka kueleweka hulazimika kusema "dume la mbuzi" au "beberu la mbuzi". Waingereza walimchukua mbuzi mchanga wakamfanya mtoto, sisi tukamchukua mbuzi mzee tukamfanya mnyonyaji. Sijui mbuzi wenyewe wangechagua lipi.

Sasa, kwa nini mbuzi? Kwa nini isiwe mwana wa swala, au wa fisi? Ukiyapanga maneno ya lugha mbalimbali yaliyofanya safari hii, utaona wengi wa wanyama wake hulala karibu na watu: mbuzi, kuku, kondoo, ng'ombe, mbwa. Ni wanyama ambao mwanamke wa nyumba huwapa maji asubuhi kabla watoto wake hawajaamka, na jioni huwahesabu kwa sauti ileile anayowahesabia watoto. Maneno huvuka pale ambapo kazi inafanana. Kulisha, kuzuia wasipotee, kuamua nani amenyonya na nani bado, hiyo ni kazi moja.

Wareno wanalionyesha hili wazi. Mtoto kwao ni *criança*, na mwana wa mnyama ni *cria*. Yote mawili yametoka kwenye kitenzi *criar*, ambacho ni kulea na kufuga kwa pamoja. Kiingereza nacho kina *raise*, kinachofaa kwa mbuzi na kwa mtoto bila kubadilika hata herufi.

Hapo ndipo Kiswahili kinaposhika njia yake. Sisi tunalea watoto na tunafuga wanyama, na vitenzi hivi viwili havibadilishani nafasi bila ugomvi. Mwambie jirani, "Wewe mtoto huyu humlei, unamfuga," uone kama mtasalimiana kesho. Umemwambia kwamba anamlisha, anampa pa kulala, na hapo ndipo ameishia. Wala si kitenzi hicho tu. Ng'ombe huzaa, mwanamke hujifungua. Ng'ombe ana mimba, mke wa mtu ni mjamzito. Mbuzi hufa, bibi hufariki. Kwa hiyo Mwingereza alitenga majina, huku *calf*, kule *lamb*, pale *child*, akaacha kitendo kitumike kote. Sisi tumeliacha jina litumike kote, mpaka wa heshima tukauchora kwenye kitenzi. Kila lugha ina ukuta wake kati ya mtu na mnyama, ila haujengwi mahali pamoja.

Kwa sababu hiyo njia yetu kubwa ni ile ya kutoka kwa mtu kwenda kwa mnyama. Sikiliza methali: kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Haikusema vifaranga, ingawa neno lipo na vokali zake ni tamu. Nyingine husema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Neno la mtoto tumelipeleka hata kusiko na pumzi. Kuna mtoto wa meza unaohifadhi vijiko, kuna mtoto wa jicho anayewatia wazee giza, na mgomba nao una watoto shinani. Walowezi wa Kiingereza waliokuja Kenya waliliona hili wakalidaka: wakaingiza "toto" katika Kiingereza chao cha huku, wakalitumia kwa mtoto wa mtu, kwa mwana wa mnyama, na kwa kijana wa kutumwa jikoni, wote chini ya jina moja.

Aliyesoma shule ya msingi Kenya atanikatiza hapa. Atasema, mbona tulikaririshwa vikembe? Ni kweli. Kizazi kizima cha KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kilikariri orodha: mwana wa simba ni shibli, wa mbwa kilebu, wa paka kinyaunyau, wa sungura kitungule, wa nguruwe kivinimbi. Orodha nzuri, na mtahiniwa aliyeijua alipata alama yake. Lakini tazama jina la orodha yenyewe. Kikembe, kama mkembe, ni mtoto mdogo wa mtu. Hata tulipotaka neno moja la kuwakusanya wana wote wa wanyama, tulikwenda kuliazima kwa binadamu.

Na orodha hiyo ina somo jingine. Kijitabu changu cha mbuzi nilikirekebisha kwa kuandika "wanambuzi" kila mahali, nikajiona msomi. Bwana mifugo aliyepewa kukihakiki akakirudisha kimejaa mistari. "Kaka," akaniambia kwenye simu, "mimi nina miaka ishirini na wafugaji. Hakuna anayesema mwanambuzi. Wanasema kitoto cha mbuzi. Wakisikia mwanambuzi watadhani ni mahubiri." Akawa amenieleza kwa nini kivinimbi hakitakuja kumwita mtoto wa mtu hata siku moja. Neno halivuki kwenda kwa binadamu mpaka kwanza liwe hai kwa mnyama wake, midomoni mwa watu wanaomshika mnyama huyo kila siku. *Kid* lilikuwa neno la wachungaji kabla halijawa la walezi. Kivinimbi kimetoka kitabuni kikaenda kwenye mtihani, na zizi la nguruwe hakijaliona.

Shibli, hata hivyo, lina asili hai. Kiarabu kina *shibl*, mwana wa simba, wingi wake *ashbal*, na ni neno la fahari ambalo watu huwapa watoto wao wa kiume kama jina. Waarabu wana pia neno la kinda, *farkh*, na hili ndilo lililonifanya nikae nikawaza.

Katika karne ya 7 aliishi mshairi aitwaye al-Hutay'a, hodari wa kashfa kuliko sifa. Alimtukana kwa beti mtu mmoja mwenye hadhi, na Khalifa Umar bin al-Khattab akamtia ndani. Kutoka humo gerezani akatunga beti za kuomba msamaha. Hakuanza kwa kujitetea. Alimuuliza Khalifa atawaambia nini makinda walioko Dhu Marakh, wenye manyoya ya kwanza tu, pasipo maji wala mti, ambao mchumaji wao ametupwa kwenye shimo la giza. Makinda hao ni wanawe. Masimulizi husema Umar alilia, akamwachia. Sisi tuna neno ambalo lingemfaa sana mshairi huyu: zile nywele laini za mwili wa mtoto mchanga tunaziita malaika. Kinda wa al-Hutay'a alikuwa bado na malaika.

Karibu miaka elfu moja baadaye, katika mchezo wa Shakespeare, Macduff anapashwa habari kwamba mkewe na watoto wake wote wameuawa. Anauliza kama ni kweli vifaranga wake wote wazuri na mama yao wametwaliwa kwa pigo moja, na neno analolitumia kwa "mama" ni lile la mama wa mnyama. Watu wawili ambao hawakujuana, lugha mbili zisizo na udugu, na wote katika saa ya uchungu wameshika ndege mchanga. Nadhani sababu ni kwamba "watoto" ni neno pana mno. Mtoto anaweza kuwa na miaka thelathini na deni benki. Kinda hana umri mwingine zaidi ya ule wa kushindwa kuruka. Ukimwita mtoto wako kinda umeshasema kwamba bila wewe atakufa.

Lakini jina hilohilo la mnyama mchanga laweza kubusu au kuuma, na Wakorea wanalo mfano usioshindika. *Saekki* ni mwana wa mnyama yeyote. Bibi wa Kikorea akimkumbatia mjukuu humwita *saekki* wake, na hakuna neno la mapenzi zaidi ya hilo. Kijana akimwambia mwenzake neno hilo barabarani ni tusi, na likitanguliwa na neno la mbwa ni ngumi. Neno halikubadilika. Kilichobadilika ni umiliki: mnyama mchanga aliye wangu ni wa kulindwa, aliye wa mwenzangu ni mnyama tu. Sisi ukali huo tumeuweka kwenye jina la mzazi. "Mtoto" peke yake halina kosa, lakini "mtoto wa mbwa" limevunja urafiki mwingi. Wachina nao wana tusi la mwana wa sungura, ambalo wazazi wenye hasira hulitupa kwa watoto wao wenyewe, bila kufikiri sana kwamba sungura mkubwa basi ni nani.

Zipo lugha ambazo hazikungoja neno livuke, zimeumaliza mjadala kwenye sarufi. Warusi hutumia kiambishi kimoja, *-onok*, kwa mwana wa paka, wa chui na wa mtu, na wingi wake pia huenda kwa mtindo mmoja. Wacheki nao huwaweka ndama, kifaranga na mtoto mchanga katika kundi moja la nomino lenye mnyambuliko wake. Kwao uchanga wenyewe ndio ngeli, na swali la mchanga wa nani huja baadaye. Sisi watu wa ngeli tunaweza kuelewa hilo haraka kuliko Mwingereza.

Kuna tawi jingine la safari hii linalofanywa kwa makusudi, ofisini, na mtu mwenye kalamu. Mwaka 1916 Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwaundia watoto wadogo kundi lao akawaita wana wa mbwa mwitu, akichota kutoka hadithi za mwandishi Kipling. Huyu ndiye aliyefia Nyeri Januari 1941, na kaburi lake liko hukohuko. Waarabu walipopokea skauti, mbwa mwitu hakuwakaa. Watoto wakawa *ashbal*, wana wa simba. Jina la mnyama hubadilika kulingana na nani anaheshimiwa mahali hapo. Nigeria, ambako timu ya taifa ni tai, vijana wa chini ya miaka 17 ni Golden Eaglets, makinda wa tai wa dhahabu. Makinda hao wametwaa kombe la dunia la umri wao mara tano, la kwanza mwaka 1985 nchini China, la tano mwaka 2015. Ni makinda kwa jina tu.

Kwetu serikali na vyama vilipotaka jina la watoto wa kuandamana, havikwenda kwa wanyama. Vilikwenda shambani: chipukizi. Na si vyama tu. Mtoto wetu ni mchanga kama embe lisiloiva, na lugha ya nyumbani imejaa miche, matawi na maua. Ukiniuliza, Kiswahili humtazama mtoto kama mkulima kuliko kama mfugaji.

Isipokuwa neno moja, na hili limevuka mbele ya macho yetu. Kinda, mwana wa ndege ambaye bado yumo kiotani, amehamia kwenye kurasa za michezo. Mchezaji wa miaka 17 aliyepandishwa kutoka timu ya vijana ni kinda. Akifunga bao ni "kinda huyo", na wenzake ni "makinda". Sarufi inaonyesha mahali alipovukia. Wengi tukimsema ndege bado tunasema kinda *la* njiwa. Mtangazaji wa mpira aghalabu husema kinda *wa* timu fulani. Herufi moja, na ngeli ya watu imemfungulia mlango. Hakuna aliyeketi kamatini kuamua hivyo. Waandishi walihitaji neno fupi kwa kichwa cha habari, lenye huruma kidogo na matumaini kidogo, "mchezaji chipukizi" likawa refu, na kinda alikuwa karibu.

Mwezi uliopita upepo ulivuma usiku, asubuhi nikakuta kiota kimepasuka chini ya mwembe wetu. Nikamwita mwanangu aliye darasa la tano aje aone, nikamwambia kuna kinda ameanguka.

Akaja mbio, akatazama huku na huku usawa wa macho yake, si chini. "Yuko wapi, baba? Anachezea timu gani?"